Nyuma ya Ng'ombe wa Santer

Zilibaki siku sita, na karatasi ya safari ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza ya kushonea viatu, katikati ya nyundo na misharasi, mahali ambapo kwa miaka yote mzee Leopold Hradil alizoea kubandika ratiba ya timu yake ya mpira. Mzee alilalamika siku ya kwanza, siku ya pili akanuna, siku ya tatu akazoea. Binti akipenda, baba hukosa hata ukuta wake mwenyewe.

Ottilie alikuwa ameiandika karatasi ile kwa kalamu tatu za rangi. Ijumaa, treni ya saa moja na nusu asubuhi kutoka Vienna. Kubadilisha treni mara moja. Kisha basi la posta, hadi Sankt Romed. Jumamosi asubuhi, ng'ombe wanashuka kutoka malisho ya juu. Chini yake Korbinian, mpenzi wake, alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake wa kulala: soksi za sufu, jozi tatu, usibishe.

Jumamosi ile mchana walikuwa wamefunga duka. Korbinian Santer alikuja na keki ya tufaha ndani ya mfuko wa karatasi, akaketi juu ya kiti cha wateja, miguu mirefu imejaa njia. Siku za kazi alikaa ofisini akichora magari ya waya, yale yanayopandisha watu milimani, lakini akianza kuzungumza juu ya kwao, ungedhani hajawahi kushika kalamu, ameshika fimbo tu.

"Anatangulia Fani," alisema. "Ng'ombe kiongozi. Ana kengele kubwa kama ndoo, na taji la maua kichwani. Anajua siku yake imefika. Siku nyingine zote ni mkorofi, lakini siku ile anatembea kama bibi harusi."

"Na nyuma yake?"

"Wenzake kumi na wanne. Nyuma yao sisi."

"Sisi," Ottilie alirudia taratibu. Alipenda neno lile. Alimtazama akilisema, akaziangalia zile nyusi zake zilizopauka kwa jua la theluji, akajisikia kama mtu aliyepewa kitu kabla hajaomba. "Mimi nitatembea kando yako au nyuma yako?"

Korbinian aliuma keki, akatafuna muda mrefu kuliko keki ilivyostahili.

"Nipe ile ratiba ya basi," alisema. "Iko kwenye koti."

Ottilie akatia mkono mfukoni mwa koti lililotundikwa mlangoni. Akatoka na karatasi mbili. Moja ilikuwa ratiba. Nyingine ilikuwa na nembo ya hoteli, na jina lake limeandikwa bila kosa.

"Chumba cha mtu mmoja, usiku mbili," alisoma kwa sauti. "Korbinian, huyu Ottilie Hradil wa chumba cha mtu mmoja ni mimi, au unaye mwingine?"

Huko nyuma ya pazia, nyundo ya mzee Leopold ilinyamaza.

"Otti, nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini? Kwenye treni? Au ungeniacha nijue nikishapewa ufunguo?"

"Mama amesema..." Korbinian aliweka keki chini. "Sikiliza. Kwetu, siku ile, watu ni wa aina mbili. Kuna wanaotembea na ng'ombe, na kuna wanaosimama kando ya barabara. Ukitembea na familia, basi mji mzima umeshajua wewe ni wa familia ile. Padri anajua, mwokaji mikate anajua, hata wagonjwa hospitalini wanajua kabla ya chakula cha mchana. Mama anasema bado mapema. Anasema uje, ufurahi, ulale hotelini. Usimame na wageni."

"Nisimame na wageni."

"Mwaka huu tu."

"Nisimame na simu mkononi, wewe upite na ng'ombe wako, nikupungie mkono? Nikupige na picha? Labda nikuulize kwa adabu, samahani bwana, choo kiko wapi?"

"Otti!"

"Na wewe ulimjibuje?"

Korbinian aliitazama keki yake, na kwa mwanamke anayependa hakuna jibu baya kama hilo. Ottilie aliinama chini ya meza akatoa jozi ya buti, mpya kabisa, ngozi ya rangi ya asali, mshono wa nyuzi mbili umezunguka soli bila hata tundu moja kwenda kombo. Alikuwa amezishona jioni baada ya jioni, miezi mitatu, huku wenzake wakienda kuogelea mtoni.

"Hizi nimezishona za kutembelea," alisema. "Kama ni kusimama, hata kandambili zingetosha. Nenda nyumbani, Korbinian."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza tangu Februari. Nenda."

Akaenda. Keki ikabaki. Mzee Leopold alitoka nyuma ya pazia, akaitazama keki, akamtazama binti yake, akaona atangulie na binti.

"Mimi nilisema," alianza. "Milima Mungu aliiumbia mbuzi. Binadamu alipewa mabonde na viti."

"Baba, siyo leo."

"Haya, siyo leo." Akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye harufu ya gundi. "Lakini kijana anakupenda. Mtu asiyekupenda hakuandikii soksi jozi tatu."

Ottilie alilia hapo, tena sana. Kisha akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya safari yote, kuanzia treni hadi ng'ombe. Jumapili akazima simu, na ilipofika jioni alijuta kuizima, lakini kiburi nacho ni ugonjwa, hakiponi kwa siku moja.

Jumatatu, kama saa sita mchana, kengele ya mlango ililia akaingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, kofia ya sufu nzito ya kijani imekaa kichwani bila kuomba ruhusa ya mtu. Mkononi alibeba kikapu kilichofunikwa kitambaa. Hakusalimia haraka. Aliangalia kwanza rafu, kisha sakafu, kisha Ottilie, kwa utaratibu ule ule.

"Nina buti za kutiwa soli," alisema. "Fundi yupo?"

"Karibu, mama. Fundi ndiye huyu unayemtazama."

"Nilidhani ni yule mzee."

"Mimi nafagia tu," alisema Leopold kutoka nyuma.

Yule mama akaketi, akafungua kamba, akavua buti ya kulia, halafu ya kushoto. Akabaki na soksi za sufu ya kijivu, miguu imekaa sambamba sakafuni kama ya mtu aliye kanisani.

Ottilie alizichukua zile buti na kwa muda akasahau huzuni yake. Hakuwahi kushika kitu kama kile. Zilikuwa na umri mkubwa kuliko wake yeye mwenyewe, na bado ngozi ilikuwa hai, imelishwa mafuta kila mwaka na mkono usiosahau. Zilikuwa zimetiwa soli mara nne, na fundi wa kwanza alishona mshono wa kifundoni ambao siku hizi hakuna anayekuwa na subira nao. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hivi viliundwa na mtu aliyejua vitapita wapi. Palikuwa na mkwaruzo wa mawe pembeni, mkunjo wa kupiga magoti mbele kwenye vidole, na mbele soli ilikuwa imeliwa kwa kupanda, siyo kwa kutembeatembea mjini.

"Nani alizishona hizi, mama?"

"Fundi wa kwetu. Ameshakufa. Mume wangu aliniagizia tulipooana. Wengine walipewa mikufu."

"Ulipata kizuri kuliko mkufu."

Kidevu cha mama yule kilishuka kidogo.

Ndipo Ottilie akaigeuza buti ya kushoto. Kisigino kilikuwa kimelika ukingo wa nje, mshazari, kama kipande cha jibini kilichokatwa na mtu mwenye haraka. Cha kulia kilikuwa sawasawa. Kisigino kile alikwisha kukiona. Februari, kijana mmoja mrefu alileta buti zake zikiwa zimelika vivyo hivyo, cha kushoto tu, ukingo wa nje, naye Ottilie akamtania kwamba anatembea kama mtu anayetaka kugeuka arudi kwao. Kijana akacheka. Ndivyo yote yalivyoanza.

Aliinama juu ya meza ili uso wake usionekane. Akawasha taa. Akaanza kung'oa soli ya zamani, msumari mmoja mmoja, mikono imetulia kuliko moyo.

"Naona karatasi pale ukutani," alisema mama yule. "Sankt Romed. Unakwenda?"

"Nilikuwa naenda. Nimefuta."

"Kwa nini? Umeambiwa ni pabaya?"

"Hapana, mama. Nimeambiwa ni pazuri mno, hata watu wanatoka mbali kuja kupatazama. Mimi sikutaka kupatazama."

"Ulitaka nini?"

"Kutembea."

Treni ya mjini ilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka. Yule mama alipanga kitambaa cha kikapu chake, ingawa kilikuwa kimepangika.

"Kuna mama mmoja kwetu," alisema. "Mwanawe wa pekee alileta msichana, miaka minne iliyopita. Msichana mzuri, mcheshi. Akatembea nao nyuma ya ng'ombe, mbele ya mji mzima, amemshika yule mama mkono. Yule mama alijidai siku ile, we! Alimtambulisha kwa kila mlango. Kufika Krismasi msichana ameondoka. Alisema milima inamziba pumzi."

Ottilie alinyanyua kichwa. Hilo hakuambiwa. Lilimchoma, na papo hapo likamfungua macho. Kumbe ndiyo maana ya kule kutafuna keki kwa muda mrefu.

"Halafu?"

"Halafu yule mama aliulizwa. Dukani, yuko wapi mkweo? Kanisani, mkweo mgonjwa? Aliulizwa hadi Pasaka. Na mwaka uliofuata mume wake akafa wakati wa kiangazi, ng'ombe wakashuka vichwa vitupu, bila ua, kama inavyotakiwa nyumba ikifiwa. Watu wakanyamaza hapo. Lakini yule mama alitembea peke yake na mwanawe, na akasema moyoni, sitamtembeza tena mtu ambaye kesho nitaulizwa yuko wapi."

Mzee Leopold, aliyekuwa anafagia mahali palipokwisha fagiwa, alisimama na fagio lake.

Ottilie aliweka koleo chini. Akaifuta mikono kwenye aproni.

"Yule mama ana haki ya kuogopa," alisema. "Hata mimi ningeogopa. Ila yule msichana hakuwa mimi, Mama Santer."

Macho ya yule mama yaliinuka. Yalikuwa rangi ile ile, maji ya barafu, ya yule kijana aliyefukuzwa Jumamosi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipovua cha kushoto."

"Korbinian amekuonyesha picha yangu."

"Amenionyesha picha za Fani peke yake. Kisigino ndicho kimekutaja. Mnakanyaga sawa, wewe na yeye. Nakijua kisigino hicho kuliko ninavyojua mstari wa mkono wangu."

Notburga Santer aliitazama miguu yake. Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi.

"Nimeamka saa kumi alfajiri," alisema, "nimepanda basi na treni mbili, nije nimpeleleze msichana bila yeye kujua. Na nimesalitiwa na mguu wangu mwenyewe."

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Baba, unaitwa nani wewe, mwenye kufagia? Njoo ukae. Nimeleta jibini."

Alifunua kitambaa. Harufu ya jibini la kijivu la kule juu ikajaa duka zima, ikapita gundi, ikapita ngozi.

"Mungu wangu," alisema Leopold. "Hiki kinaliwa?"

"Kinaliwa na watu wenye mapafu."

"Haya, kata kidogo. Kidogo, nimesema." Akala. Akanyoosha tena mkono bila kusema neno.

"Jana mwanangu amenipigia simu," Notburga alisema, sasa akimtazama Ottilie peke yake. "Hajawahi kunipandishia sauti maishani mwake, na jana hakupandisha pia. Alisema tu, Mama, kama Ottilie atasimama barabarani, basi na mimi nitasimama naye. Santer kusimama kando ya barabara na ng'ombe wake wanapita! Nikamwambia umerogwa. Akasema ndiyo. Nikakata simu. Sikulala."

Ottilie alishika ukingo wa meza. Jana! Na simu yake ilikuwa imezimwa kutwa nzima, imelala ndani ya droo kama jongoo.

"Alisema hivyo kweli?"

"Mimi si mtu wa kutunga. Sasa niambie hizo buti zina nini."

Ottilie alipangusa macho kwa mkono wa shati, akaivuta taa karibu. Kazi ilimrudishia sauti.

"Soli zimekwisha, zote mbili. Kisigino cha kushoto nitaweka ngozi ngumu zaidi ukingoni. Mshono wa kifundoni nitaurudia, nitapitisha sindano kwenye matundu yale yale ya fundi wako, sitatoboa jipya. Na hii ngozi ya ndani..." Akatia vidole ndani ya buti, kwa upole. Ngozi ilikuwa imebonyea umbo la wayo, kisigino, kiganja cha mguu, na vidole vitano kimoja kimoja. "Fundi mwingine angekwambia aibadilishe. Imechoka. Lakini mguu wako umeichonga miaka thelathini na zaidi. Ukiitoa, utaanza upya na kiatu cha mgeni. Mimi nitaiacha."

Notburga alikuwa anaitazama ile mikono ndani ya buti aliyopewa na mume wake.

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka Jumatano, gundi ikauke vizuri. Siwezi kukudanganya, nikiharakisha zitafunguka njiani."

"Treni yangu ni saa tisa alasiri leo."

"Basi nitazituma kwa posta."

"Buti alizoniagizia marehemu Serafin kwa posta?" Notburga alishtuka kweli. "Hapana. Utazileta."

Ottilie alimtazama.

"Ijumaa sitakuwa mjini," Notburga aliendelea, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za shamba. "Nitakuwa juu malishoni nafunga maua. Mwaka huu wanashuka na maua, tumemaliza kiangazi salama. Ukishuka kwenye basi usiende popote, pandisha moja kwa moja, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu, Korbinian anaijua njia. Pitia kwa mwokaji, uchukue mikate sita, mwambie ni ya Notburga. Utalala kibandani na sisi wengine. Saa kumi na moja alfajiri tunaamka, utamshika Fani pembe wakati namvisha taji, maana anapenda kutikisa kichwa."

"Na hoteli?"

"Wapigie uwaambie hulali. Mgeni kwetu habebeshwi mikate, binti. Wala hashikishwi ng'ombe."

Leopold alikohoa, akasema jibini limempalia. Hakuna aliyemsadiki.

"Na watu wakikuuliza?" Ottilie alinong'ona. "Dukani, kanisani?"

"Wataniuliza. Nitajibu." Notburga aliinama kutazama soksi zake. "Sasa mimi nitaendaje stesheni? Na hizi?"

Ottilie alipiga goti chini ya meza, akatoa zile buti za rangi ya asali. Alipozikunjua kamba aliona haya, kama msichana anayeonyesha barua. Notburga alizipokea, akazigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wote, mzunguko mzima, hadi pale ulipoanzia. Akatafuta kosa. Alitafuta kweli.

"Umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya Jumamosi?"

"Ndiyo."

Alizivaa. Miguu yao ilikuwa namba moja. Alisimama, akapiga hatua tatu kwenda dirishani na tatu kurudi, akakunja uso.

"Ngumu kama ubao," alisema. "Ungepanda nazo hivi, ungefika juu na malengelenge, ukashuka unachechemea mbele ya mji mzima, halafu watu wakasema Santer ameoa kilema. Buti mpya hailetwi mlimani ikiwa mbichi. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo." Akafunga kamba, akazikaza. "Nitazivaa hadi Ijumaa. Kuna njia ya malisho, kuna zizi, kuna kijito. Nitakulainishia."

Alichukua kofia yake. Mlangoni akageuka, akamshika Ottilie shavu kwa mkono mkavu wenye nguvu, mara moja tu, kama mtu anayeonja maziwa kama yamepoa.

"Na fungua simu yako," alisema. "Yule mtoto anateseka."

Kengele ya mlango ililia. Ottilie alisogea dirishani akamtazama akivuka barabara kuelekea stesheni, mgongo umenyooka, kikapu kitupu mkononi, hapishi mtu. Buti za rangi ya asali zilimeta juani. Kila hatua ya pili, mguu wa kushoto ulitua kwa ukingo wa nje wa kisigino kwanza, mshazari kidogo. Siku nne za kutembea hivyo, juu ya mawe, zingetosha. Ijumaa Ottilie atakapozivaa mwenyewe, zitakuwa zimeshaanza kulika upande ule ule wa akina Santer.